Msonyo wa Upande wa Kushoto

Maji ya kusukutulia ndiyo yaliyonipa taarifa. Nilikuwa nimesimama uani kwetu Unyambwa asubuhi, kikombe mkononi, na kila nilipofunga mdomo ili nisukutue, maji yalichuruzika upande wa kushoto na kuniloanisha kanga. Nikadhani kikombe kimepasuka. Nikakigeuza, nikakikagua, nikajaza tena. Yakamwagika tena. Nikaanza kukigombeza kikombe, na hapo ndipo nilipoisikia sauti yangu mwenyewe ikitoka imelegea, nikaingia ndani.

Kwenye kioo cha chumbani, upande wa kulia wa uso wangu ulikuwa unashangaa. Upande wa kushoto haukuwa na habari. Shavu limelegea, kona ya mdomo imeshuka, nyusi imelala, na jicho nililoliamrisha lifumbe lilibaki wazi likinitazama. Nilijaribu kutabasamu, nikatabasamu nusu.

Mimi ni mwalimu wa baiolojia. Misuli ya uso nimeifundisha hadi naichora ubaoni bila kutazama kitabu. Nilikuwa nawaambia wanafunzi kwamba misuli mingine ya mwili huvuta mifupa, lakini ya uso imejishikiza kwenye ngozi, na ndiyo maana ngozi ya uso hucheza mtu akifurahi au akikasirika. Nawaambia wakunje uso, wakunjue, wacheke, wanune, darasa linageuka sherehe. Kisha namalizia kwa kusema kwamba mdomo unaweza kudanganya ila uso haudanganyi. Nawaomba wote niliowahi kuwafundisha waifute sentensi hiyo.

Hospitalini nilipokelewa na daktari kijana, mpole, ambaye upole wake ulinikera tangu mwanzo.

"Mwalimu, hebu inua nyusi zote mbili."

Ikapanda moja.

"Vizuri," akasema.

"Vizuri nini?"

Akanieleza kwamba kingekuwa kiharusi, paji la uso lingesalimika. Kwa kuwa paji nalo limekwenda na wenzake, basi ubongo uko salama na tatizo ni mshipa wa fahamu wa uso. Mshipa huo hupita kwenye kitundu chembamba cha mfupa nyuma ya sikio, na ukivimba hauna pa kwenda, unabanwa humohumo. Haya yote niliyajua, angalau ya kitabuni. Nilitakiwa nishukuru kwamba paji langu la uso limekufa. Akaniandikia vidonge, matone ya jicho, na plasta ya kulibandika jicho wakati wa kulala. Kisha akasema lile neno ambalo nimelichukia hadi leo.

"Subiri."

"Hadi lini?"

"Wengine wiki chache, wengine miezi. Kwa wachache, uso haurudi wote."

Nikatoka nje, upepo ukanipiga, na jicho lisilofumba likajaa vumbi. Anayeishi Singida anajua ninachosema. Upepo wetu hauna msimu wa kupumzika. Majirani nao walikuwa na jibu moja tu, kwamba nimepigwa na upepo. Je, nililala dirisha wazi? Je, nilitoka kuoga nikasimama uani? Mmoja aliniuliza hayo kila tulipokutana, kama vile siku moja nitakiri. Upepo wa Singida ungekuwa unapindisha nyuso za watu, mkoa mzima tungekuwa tunatazama upande mmoja, kule Manyoni.

Mateso yenyewe sikuyakuta kwenye kioo, niliyakuta kwenye mazungumzo. Sikuwahi kufikiria jinsi Kiswahili kinavyotegemea midomo. Jaribu kusema baba, mama, mbuzi, pembe, samahani, huku upande mmoja wa mdomo umesusia kazi. B inapotea hewani. M inatoka kama mtu anayeguna. P inapuliza shavu na kuishia hapo. Nilikwenda dukani kununua vibiriti, nikarudi na biskuti.

Na jicho. Kwa kuwa la kulia lilifumba na la kushoto halikufumba, kila nilipopepesa nilikuwa namkonyeza mtu. Nilimkonyeza mwenye duka, nikamkonyeza fundi baiskeli, nikamkonyeza mkuu wa shule mbele ya walimu wenzangu. Mwenye duka aliniongezea nyanya. Nilizirudisha zote kwa hasira, nikiwa namkonyeza.

Lakini hayo ningeyavumilia. Lililoniharibia nyumba ni mate. Midomo isipofungana upande mmoja, mate hujikusanya kwenye kona ile na kutaka kushuka, na mtu mzima mwenye heshima zake hawezi kuyaacha yashuke, kwa hiyo unayavuta ndani haraka. Unapoyavuta, hewa inapita kati ya meno na shavu lililolegea, na sauti inayotoka ni sauti moja tu. Kila Mtanzania anaijua. Ni msonyo. Mrefu, wenye unyevu, wenye dharau kamili. Nami nilikuwa nasonya kutwa nzima, bila kumdharau yeyote.

Nyumbani tulikuwa na baba mkwe wangu.

Alitoka kijijini kwake, upande wa Ikungi, akaja kukaa nasi baada ya macho kumwishia. Ujanani aliugua vikope, kope zikageukia ndani zikawa zinakwaruza mboni mwaka hadi mwaka, mpaka giza likaingia. Mkewe alikuwa ameshafariki. Siku alipojiunguza mkono akijipikia, mume wangu alimchukua. Tuliishi vizuri. Yeye ni Mnyaturu, mimi ni Mnyiramba, kwa hiyo Kiswahili kilikuwa chetu sote wawili, naye aliniita mama kwa sauti iliyonifanya nijione nimezaliwa humo. Adabu ilikuwepo pia, tena kali. Mkwe haguswi. Miaka yote hiyo sikumbuki kidole chake kikigusa changu. Nikimletea chakula nilipiga magoti, nikaweka bakuli kwenye stuli, nikagonga stuli mara mbili kwa kucha ili ajue liko wapi, nikarudi nyuma, ndipo aliponyosha mkono.

Siku ya pili ya ugonjwa wangu, kabla hatujamweleza lolote, nilimpelekea uji wa uwele. Nikapiga magoti. Nikaamkia. Nilikusudia kusema "shikamoo, baba," ikatoka kitu kama "shikaoo, aa." Akasita. Nikaweka bakuli, nikagonga stuli.

"Uji wa jana ulikuwa mwepesi, mama," akasema, bila ubaya wowote.

Na mate yakaja. Niliinama, nikawa siwezi kuyazuia, nikayavuta.

Hebu jiweke kwenye nafasi yake. Huoni. Umeamkiwa nusunusu, kama mtu anayetupiwa maganda. Umelalamikia uji kidogo, na jibu la mkwe wako, mwalimu, mke wa mwanao, ni msonyo mrefu kutoka pale alipopiga magoti. Mkono wake uliokuwa njiani kwenda kwenye bakuli ulirudi mapajani. Hakusema marahaba. Uji ulipoa pale, ukaganda utando juu.

Jioni mume wangu alikwenda kumweleza. Mimi nilisimama mlangoni.

"Baba, mwenzangu anaumwa uso."

"Uso unaumwaje?"

"Umepooza upande."

"Aliyepooza hasimami akapika. Mjomba wako alipooza, tulikuwa tunamgeuza kitandani kama gunia."

"Ni uso tu, baba. Kuna mshipa umebanwa."

"Na mdomo wa kusonya, huo mbona haujapooza?"

Nilichemka. Nikafungua kinywa nijitetee, mate yakajaa, nikayavuta.

"Umesikia?" mzee akamwambia mwanawe. "Hata mbele yako."

Tulimtuma binti yetu, ambaye babu yake alimpenda kuliko redio. Akamwambia, "Babu, mama anachuruzika mate." Mzee akampapasa kichwa akasema, "Wamekufundisha kusema hivyo, mjukuu wangu, si kosa lako." Jirani akaja kushuhudia, akaanza na habari za upepo na dirisha, akaharibu kila kitu. Mzee hakuwa mkaidi wa asili. Tatizo lake ni kwamba alikuwa na ushahidi wa masikio yake, na sisi hatukuwa na chochote cha kuyashinda masikio hayo. Mwenye macho angenitazama mara moja, akasema pole, yakaisha. Yeye uso wangu ulimfikia kama sauti tu, na sauti yangu ilikuwa inanisingizia.

Njia moja tu ingemaliza mambo. Nilimwambia mume wangu chumbani, kwa maneno yaliyolegea, "Mwache anishike shavu. Vidole vyake vitaelewa."

Mume wangu alinitazama kama niliyemtukania ukoo. "Baba akushike wewe uso?"

"Kwa sekunde moja."

"Hata nusu. Na yeye mwenyewe ukimwambia ataondoka kwa miguu."

Nikajua ni kweli, na nikakasirika zaidi kwa kuwa ni kweli. Hata mimi, nilipowaza mkono ule ukija usoni pangu, mwili ulinisisimka. Badala yake mume wangu alipata wazo lake. Akaketi mbele ya baba yake, akaushika mkono wa mzee, akauweka kwenye shavu lake mwenyewe na kulivuta chini kwa kidole. "Wake umekuwa hivi, baba." Mzee alipapasa kwa makini, kidevu, pua, kona ya mdomo. Kisha akautoa mkono.

"Huu ni uso wako," akasema. "Wewe hujanisonya."

Kuanzia hapo akakataa chakula cha mkono wangu. Nikimpikia, apelekewe na binti. Binti akiwa shuleni, haliwi. Nilijaribu kumhudumia kimya kabisa, nimejibana kitambaa mdomoni, akasema sasa hata salamu nimemnyima. Sikuwa na pa kukanyaga. Mwisho wa wiki ile akatoka nje amevaa koti lake na kofia, fimbo mkononi, akaketi kwenye kiti cha uani.

"Nirudisheni kwangu," akasema. "Kama ni kusonywa, nikasonywe na niliozaliwa nao."

Nilikuwa nimejifunza sentensi moja ya kumwambia kwenye gari, nimeirudia jikoni mpaka ikakaribia kunyooka. "Safari njema, baba." F ilivuja, b haikufika. Akageuza uso upande wa pili.

Kule alikokwenda anaishi mdogo wake, mzee mwenzake, mwenye macho mabovu na kikohozi, wakawa wawili wanaopika kwa kupapasa. Mume wangu alikuwa akienda mwisho wa juma, na kila aliporudi nilimuuliza swali lile lile.

"Anakula?"

"Anakula kidogo. Koti limekuwa kubwa."

Mzee alikuwa anakonda kwa sababu ya mate yangu. Nilikuwa naikoroga mboga ya mlenda jikoni, mboga aliyoipenda kuliko nyama, na nilitaka kuitupa sufuria ukutani. Na ukoo wote ulikuwa umeshapata habari. Shangazi wa mume wangu, dada wa mzee, alipiga simu kuniambia kwamba elimu haimwondolei mtu ukwe. Nilijaribu kumweleza habari za mshipa. Katikati ya maelezo nikavuta mate. Akakata simu.

Shuleni nilifundisha hivyohivyo. Siku moja darasa lilijibu vizuri, nikawasifu, na msichana wa mbele akanyosha mkono. "Samahani mwalimu, umefurahi au umekasirika? Tunashindwa kujua." Nilisema nimefurahi. Wakanitazama tu, nikaona hawaniamini, na nikahisi kulia. Hata kulia kwenyewe upande mmoja ulikuwa hauwezi vizuri.

Basi nikaanza kazi ya kioo. Asubuhi na jioni nilikaa mbele yake, nikalisukuma shavu kwa vidole, nikabinua midomo, nikakunja pua, nikapuliza, nikajaribu mluzi. Ba, be, bi, bo, bu. Mtu mwenye shahada, mama wa mtoto, nimekaa kitandani nasoma silabi za darasa la kwanza, na nazikosa. Kuna siku nilikirusha kitana. Daktari alisema mshipa hukua taratibu mno, na mimi nilikuwa nawaambia wanafunzi hivyohivyo bila kujua taratibu maana yake nini.

Kisha kona ya mdomo ikacheza. Ilicheza kidogo, kama ngozi ya ng'ombe anayefukuza nzi, nikadhani macho yananidanganya. Kesho yake ikacheza tena. Baada ya hapo vitu vilirudi kimojakimoja, kwa mpangilio wao wenyewe: shavu, kisha kope, kisha nyusi kwa shingo upande. B ilirudi mwishoni. Nilipoisikia ikigonga midomo sawasawa nilikwenda uani nikasema "baba" kwa sauti, kuku wakanitazama. Mate nayo yakatulia. Misonyo ikaisha.

Ila mshipa haukurudi kwa adabu zote. Nikaanza kuona kwamba nikitafuna, jicho la kushoto linatoa machozi. Si machozi ya pilipili. Ugali mtupu, machozi. Wali, machozi. Kadiri chakula kilivyokuwa kitamu ndivyo nilivyozidi kulia. Nikarudi kwa daktari.

"Nyuzi zinazokua upya hupotea njia," akasema. "Zile za kwenda kwenye tezi za mate zimeingia kwenye tezi ya machozi. Kwa hiyo ubongo ukiagiza mate, jicho nalo linapokea agizo. Watu wa tiba wanayaita machozi ya mamba."

"Wameshindwa kutafuta jina lingine?"

Akacheka. Mimi sikucheka, ingawa sasa ningeweza, pande zote.

Tukapeleka ujumbe Ikungi kwamba nimepona, tunaomba kikao tuyamalize. Njiani nilikuwa nimejipanga kama naingia darasani. Ningeanza na kitundu cha mfupa nyuma ya sikio, nitaje mshipa, nifike kwenye midomo, nimalizie na mate. Maneno mepesi, hatua kwa hatua. Nilikuwa hata nimefikiria kumpa mzee mrija aubane kwa vidole, asikie jinsi maji yanavyokwama.

Mbuzi alishachinjwa tulipofika. Walikuwepo mzee, mdogo wake, shangazi na wanaukoo wengine wachache. Koti la mzee lilikuwa kubwa kweli, mabega yamepotelea ndani. Niliwaamkia wote, mmoja baada ya mwingine, shikamoo zilizonyooka. Yeye nilimwacha wa mwisho kwa heshima, lakini kabla sijafungua kinywa akainua mkono.

"Nimemsikiliza tangu aingie," akawaambia wenzake. "Ameamkia watu wote kwa adabu. Hajasonya hata kidogo. Sauti yake imenyooka. Mtu akikosea akajirekebisha, anarudishiwa heshima yake. Mimi nimemsamehe mkwe wangu. Maneno yameisha, tusiyarudie."

Wakapiga makofi. Shangazi akapiga kigelegele.

"Baba," nikasema, "lakini mimi sikuwahi ku..."

"Mama," shangazi akanikatiza kwa upole, "ukisamehewa, unashukuru."

Nikamtazama mume wangu. Alikuwa anatazama koti la baba yake. Na mimi nikalitazama. Nilielewa kila kitu kwa uchungu mkubwa. Nikijitetea, nimeanza upya kujibizana, na mzee atabaki hapa akikonda. Nikishukuru, anarudi nyumbani leo, na mimi nitabaki hadi kufa kwangu yule mkwe aliyemsonya baba mkwe wake halafu akajirekebisha. Niliipigania ile b kwa miezi, silabi kwa silabi, na kumbe nilikuwa naiandaa kwa kazi hii.

"Asante, baba," nikasema. "Shikamoo."

"Marahaba, mama," akajibu. Sauti ilikuwa ile ile ya zamani, na moyo wangu ulimkimbilia, nikiwa na hasira vilevile.

Nyama ikaletwa. Nikatia kipande mdomoni, nikaanza kutafuna, na jicho la kushoto likafunguka. Nikajifuta kwa kanga. Likaja tena.

"Kaka," shangazi akanong'ona kwa sauti ya kusikika na wote, "analia."

"Nani?"

"Mkweo. Machozi yanamtiririka."

Mzee alitikisa kichwa taratibu, ameguswa. "Mwacheni alie. Hayo ni ya kujuta, yanasafisha."

Nilitaka kusema ni ya mbuzi. Nilitaka kusema ni tezi, ni nyuzi zilizopotea njia. Nikatafuna haraka ili nimeze niongee, na kadiri nilivyotafuna ndivyo yalivyozidi. Shangazi akanihurumia. Akaniongezea nyama.

Tulirudi naye Unyambwa siku ileile. Asubuhi nikampelekea uji, nikapiga magoti, nikaamkia, akaitikia. Nikaweka bakuli, nikagonga stuli mara mbili. Akanyosha mkono, akanywa funda moja, akalisikilizia.

"Mwepesi kidogo, mama."

"Samahani, baba. Nitauongeza unga," nikasema, kila herufi mahali pake.

Nikainuka, nikapita jikoni bila kusimama, nikatoka uani, nikaenda hadi nyuma ya banda la kuku, mahali ambapo hata masikio yake hayafiki. Pale nikabana midomo, yote miwili, pande zote mbili, nikasonya.

Ulikuwa wa kwanza.